Urembo na Urimbo: Kalamu ya Mchora Ramani Katika Rangi za Maji

Mtu aliyezoea kupasua fenesi haanzi na kisu. Anaanza na mafuta. Anajipaka viganjani, anakipaka kisu pande zote mbili, na mwenye busara zaidi anatandika gazeti mezani. Anajua kwamba utomvu ule mweupe ukishanasa mahali pakavu na kuganda, hautoki kwa maji wala kwa sabuni. Watoto wanaotegea ndege kwa utomvu wa namna hiyo wanauita urimbo, na wahenga waliosema penye urembo ndipo penye urimbo walikuwa wakionya juu ya mambo mengine kabisa. Lakini mchoraji wa rangi za maji anaweza kuichukua methali hiyo kama ilivyo. Katika kichupa kilicho mezani pake mna utomvu wa mti wa mpira, na kazi ya utomvu huo ni kuulinda weupe wa karatasi, ambao ndio urembo wa picha yake.

Uchambuzi huu unahusu kichupa hicho pamoja na chombo kimoja cha zamani cha kukitumia: kalamu ya kupigia mistari, ile yenye mataya mawili ya chuma na skrubu ya pembeni, waliyoitegemea wachora ramani na wahandisi kabla ya kompyuta. Wapo wachoraji wanaoisifu mno. Wapo pia walioinunua, wakaijaribu mara moja, ikawamwagia tone zito katikati ya anga la picha, wakairudisha sandukuni. Wote hao huipima kwa jinsi inavyoandika. Mimi naona kwamba chombo chochote cha kupakia utomvu kipimwe kwanza kwa jinsi kinavyosafishika, kwa sababu utomvu utaganda ndani yake, apende mchoraji asipende. Kwa kipimo hicho kalamu hii inapanda daraja, na hata udhaifu wake unaeleweka.

Weupe wa karatasi

Rangi ya maji ni kama pazia jembamba. Mwanga huipenya, hugonga karatasi iliyo chini, kisha hurudi machoni mwetu ukiwa umechukua rangi hiyo. Ndiyo maana katika picha hizi hakuna weupe unaoushinda ule wa karatasi yenyewe. Mchoraji wa rangi za mafuta akisahau mng'ao wa jicho la mtu, anachovya brashi katika rangi nyeupe na kuuweka mwishoni. Wa rangi za maji akiusahau, ameshachelewa. Inambidi aamue mapema wapi hatapaka, kisha apalinde hapo wakati mkono wake unapitisha mpako mpana wa buluu au kahawia juu ya ukurasa mzima.

Fikra hii si ngeni kwetu. Fundi wa batiki hupaka nta ya moto sehemu anazotaka zibaki na rangi ya kitambaa, ndipo akitumbukize kwenye rangi. Fundi rangi wa magari hubandika tepu na magazeti kwenye vioo na taa kabla ya kuwasha kompresa. Pahali palipozibwa ndipo patakapoonekana mwishoni, kwa hiyo fundi asiyejali umbo la kizibo chake huharibu kazi kabla hajagusa rangi.

Katika uchoraji wa rangi za maji, ambao ulikomaa sana Uingereza katika karne ya 18 na ya 19, njia za kupata weupe zimekuwa za aina tatu. Ya kwanza ni kuzunguka: mchoraji hupaka pembeni mwa eneo analotaka libaki jeupe. Njia hii yatosha kwa wingu, kwa ukuta wa nyumba, kwa ubavu wa mashua. Kwa kamba 20 za mlingoti haitoshi, maana hakuna mkono unaoweza kupaka anga katika nafasi zote zilizo kati ya kamba hizo kabla kingo za rangi hazijakauka na kuacha makovu.

Ya pili ni kurudisha weupe uliokwisha kupotea. J. M. W. Turner alikwaruza karatasi iliyokwisha kupakwa rangi ili mwanga utokeze tena. Winslow Homer wa Marekani naye alikwangua rangi kwa kisu apate mng'ao wa maji. Wengine walipaka nyeupe juu ya picha, na mwaka 1834 kampuni ya Winsor & Newton ya London ilitoa Chinese White, nyeupe ya oksidi ya zinki iliyokusudiwa wachoraji wa rangi za maji. Nyeupe hiyo hufunika vizuri, lakini ukiiweka kando ya karatasi tupu utaona tofauti: ya kwanza ni chokaa ukutani, ya pili ni dirisha.

Ya tatu ni kuziba. Francis Nicholson (1753–1844), mmoja wa waasisi wa chama cha wachoraji wa rangi za maji kilichoundwa London mwaka 1804, alijulikana kwa mbinu ya kuziba kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa katika tapentaini. Henry Moore, alipowachora wakazi wa London waliolala katika vituo vya treni za chini ya ardhi wakikimbia mabomu ya Wajerumani mwaka 1940 na 1941, alichora kwanza kwa kalamu za nta kisha akapitisha rangi ya maji juu yake, ikakimbia nta na kutulia pembeni. Nta ina kasoro moja: haitoki kwa urahisi. Ukishaipaka, eneo hilo limefungwa moja kwa moja. Utomvu wa mpira ulileta jambo ambalo nta haina. Huziba, kisha huondoka, na karatasi iliyo chini yake hubaki tayari kupakwa kama mwanzo.

Tabia za utomvu

Ndani ya kichupa mna maji yenye chembe ndogo mno za mpira zinazoelea. Asili yake ni mti wa Hevea brasiliensis wa misitu ya Amazon, ambao mbegu zake zilifikishwa bustani ya Kew, London, mwaka 1876, na miche yake ikasafirishwa hadi Asia. Afrika Mashariki nayo inao: mti huohuo umepandwa Muheza mkoani Tanga, na Zanzibar pia. Utomvu unapotoka mtini huwa na mpira kiasi cha asilimia 30 hadi 40. Ukiachwa ukae, bakteria huutia uchachu na huganda wenyewe. Ili usigande, hutiwa amonia, kisha huzungushwa kwa mashine mpaka mpira ufike karibu asilimia 60. Hiyo amonia ndiyo harufu inayokupiga puani unapofungua kichupa. Kazi yake ni kuzifanya chembe zisukumane zisikutane.

Mtu akilielewa hilo, masharti yote ya kutumia utomvu yanakuwa na maana, hayawi tena miiko ya kukariri. Usikitikise kichupa, kwa sababu kutikisa huingiza mapovu na kuzigonganisha chembe. Usikiache wazi, kwa sababu amonia huruka, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa huruka upesi. Ukitaka kuupunguza uzito, tumia maji yaliyochemshwa mvuke ukakusanywa, yale ya betri, wala si maji ya kisima cha pwani, kwa kuwa chumvi na chokaa huzigandisha chembe kama vile tone la ndimu linavyofanya. Usiupake kwenye karatasi yenye unyevu, kwa sababu utazama baina ya nyuzi za pamba na ukitoka utatoka nazo. Usiukaushe kwa draya ya nywele wala kuianika picha juani, maana joto huushikamanisha na karatasi. Uondoe mapema, siku hiyohiyo au ya pili yake. Na mwenye mzio wa glavu za mpira asiuguse kabisa, kwani ni mpira uleule.

Tabia iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba kuganda kwake ni safari ya kwenda tu. Rangi ya maji ikikauka kwenye brashi, maji huirudisha. Wino mwingi ukikauka kwenye nibu, maji au spiriti huulainisha. Utomvu maji yake yakishakwenda, chembe hushikana zikawa utando mmoja, na hakuna maji yatakayozitenganisha tena. Chombo kinachoubeba kinaubeba ukiwa njiani kugeuka kuwa kitu kingine, na mchoraji ana dakika chache tu za kuutumia.

Kila chombo na kaburi lake

Kwa sababu hiyo, historia ya vyombo vya utomvu ni historia ya vyombo vilivyokufa. Brashi ndiyo ya kwanza. Nywele zake huunyonya utomvu mpaka ndani ya ile pete ya bati inayozishika, mahali ambapo vidole havifiki. Ukiganda humo, nywele hutawanyika kama ufagio wa zamani. Wachoraji wana dawa ya hilo, na mla fenesi ataitambua mara moja: huisugua brashi kwenye kipande cha sabuni yenye maji kidogo kabla ya kuichovya, ili sabuni iwe kati ya nywele na utomvu. Dawa husaidia lakini haiponyi. Kila baada ya dakika chache lazima brashi ioshwe na kupakwa sabuni upya, na hata hivyo hakuna mwenye akili anayetumia brashi yake nzuri. Atatumia ya bei rahisi, na brashi ya bei rahisi haina ncha, na isiyo na ncha haitoi mstari.

Nibu ya kuchovya ni afadhali, kwa sababu ni chuma na utomvu hubanduka. Tatizo lake ni ule mpasuko mwembamba unaopitisha wino: utomvu ni mzito kuliko wino, hukaukia humo na kuziba. Tena ncha ya nibu ni kali, hukwaruza karatasi. Nibu hubeba kidogo, hivyo mstari mrefu hukatika njiani na kulazimisha kiungo.

Kuna vichupa vyenye sindano nyembamba mdomoni, ambavyo hutoa mstari mzuri kwa siku ya kwanza. Angalia kifuniko cha vingi kati ya hivyo: ndani yake kuna waya mwembamba unaoingia kwenye sindano unapofunga. Mtengenezaji mwenyewe amekiri kwamba sindano itaziba, akakupa na kijiti cha kuizibulia. Kalamu za kisasa zilizojazwa utomvu kiwandani, za kubonyeza ncha ili zitoe, ni rahisi kwa mkono, lakini ncha ikigandiwa hutupwa, na upana wa mstari ni ule mmoja ulionunuliwa.

Upande mwingine wapo maskini wasiokufa: kijiti cha kuchokolea meno, njiti ya kiberiti iliyochongwa, ncha ya silikoni. Havina tundu wala nywele, hivyo utomvu hukosa pa kujificha, hukauka juu na kubanduka kama gamba. Vinafaa kwa nukta, kwa povu la wimbi, kwa nyota. Lakini kwa kuwa havina ghala, kila baada ya sentimita mbili au tatu vinarudi kichupani kuomba.

Hapo mgawanyo unaonekana wazi. Vyombo vyenye ghala huziba. Vyombo visivyoziba havina ghala. Anayetaka mstari mrefu, mwembamba, wa upana mmoja, anatafuta chombo chenye ghala ambalo laweza kufunguliwa.

Mataya mawili na skrubu

Kalamu ya kupigia mistari ni chombo hicho. Ina mataya mawili ya chuma yaliyochongwa yakachongoka kuelekea nchani, yakitenganishwa na mwanya mdogo. Skrubu ya pembeni huubana mwanya huo au kuulegeza. Wino huwekwa kati ya mataya na hukaa humo bila kumwagika, kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa katika utambi wa koroboi: kimiminika katika nafasi nyembamba hushika kuta zake. Ncha zikigusa karatasi, karatasi nayo huvuta, na mstari hutoka kwa upana wa mwanya. Skrubu ikizungushwa kidogo, mstari hunenepa au hukonda.

Kwa muda mrefu hiki kilikuwa chombo cha heshima katika ofisi za ramani, reli na majengo. Kampuni kama Kern ya Aarau, Uswisi, iliyoanza mwaka 1819, zilijijengea jina kwa seti za vyombo vya kuchorea zilizolazwa ndani ya sanduku lenye bitana ya mahameli. Kilichokishusha ni kalamu zenye mrija na ghala lililofungwa, hasa Rapidograph ya Rotring ya mwaka 1953, ambayo haikuhitaji kujazwa kila mara wala kurekebishwa. Kisha mwaka 1982 ikaja programu ya AutoCAD, na meza ya kuchorea yenyewe ikaanza kutoweka. Seti nyingi za kalamu hizi zikaishia madukani mwa vitu chakavu na katika makabati ya wazee waliostaafu.

Kisa hiki kina kinaya chake. Kalamu ya mrija iliishinda ya mataya kwa sababu wino wake ulikuwa umefungiwa ndani. Ukiitia utomvu kalamu hiyo ya mrija, inakufa siku hiyohiyo, kwa sababu hiyohiyo. Ya zamani, iliyoonekana duni kwa kuwa wino wake uko wazi pande mbili, inapona. Utomvu ukigandia kati ya mataya, unalegeza skrubu, mataya yanaachana, unaushika utando kwa kucha na kuuvuta. Unatoka mzima, kama ganda la ndizi mbivu. Haina ndani ambamo kidole au kitambaa hakifiki.

Hata hivyo chombo hiki kina adabu zake, na walio wengi huchukizwa nacho kwa kuwa hakuna aliyewafundisha. Hakichovywi kichupani. Ukikichovya, utomvu hushika nje ya mataya, kisha hukimbilia kwenye rula na kuacha doa. Hujazwa kwa kudondoshea tone katikati ya mataya, kwa brashi kuukuu, kijiti au kidondoshi, na ghala lisizidi urefu wa milimita tano au sita. Likizidi, uzito huushinda mshiko wa mataya na tone linaanguka, nalo ndilo lililowakimbiza wengi. Baada ya kujaza, jaribu kwenye kipande cha karatasi ya aina ileile. Kwa kuwa utomvu ni mzito kuliko wino, mwanya uwe mpana kidogo kuliko ule ambao mchora ramani angeuweka. Mistari myembamba kama unywele ni ya kubahatisha, na hata ikitoka, utando wake ni dhaifu, hukatika wakati wa kubandua.

Kalamu hushikwa karibu wima, ikiinamia kidogo upande inakoelekea, na mataya yote mawili yaguse karatasi kwa pamoja. Likigusa moja tu, ukingo mmoja wa mstari utachanika. Mkono uanze kutembea kabla ya kugusa, na uinuke ungali unatembea, kwa sababu pale unaposimama ndipo utomvu unapolundikana. Ukitumia rula, iinuliwe kidogo kutoka kwenye karatasi, au igeuzwe ili ukingo wake uliochongwa utazame chini. Rula iliyolala kwenye karatasi hunyonya utomvu chini yake kama mwanya wa kalamu ulivyounyonya.

Jambo moja hupuuzwa hata na wazoefu. Ncha za kalamu zilizonolewa sana kwa ajili ya wino hukata uso wa karatasi. Karatasi nzuri ya rangi za maji hupakwa jelatini ili isinyonye rangi ovyo. Ncha ikiukata uso huo, utomvu utaziba mfereji kwa muda, lakini ukishabanduliwa na rangi nyingine kupita, mfereji hunywa rangi kuliko jirani zake. Ulikusudia mstari mweupe, ukapata mweusi. Kwa hiyo kalamu ya utomvu inatakiwa kuwa butu kidogo: ncha zisuguliwe juu ya msasa laini sana mpaka ziteleze kwenye ukucha bila kukwaruza.

Kamba za jahazi

Tuchukue mfano mmoja tuone chombo kinafaa wapi. Mchoraji amekaa bandari ya Malindi, Unguja, mbele ya jahazi lililotia nanga. Nyuma yake kuna wingu zito la masika, zambarau inayokaribia weusi. Mlingoti umeinamia mbele, foromali, ule mti wa tanga, imelala juu yake, na henza, kamba ya kuipandishia, inashuka kutoka kileleni ikiwa imenyooka kwa mvuto. Jua linapenya upande mmoja na kamba zote zinawaka.

Picha ni ya sentimita 50, na henza ndani yake ina urefu wa sentimita 20. Kwa kijiti, mstari huo utakuwa na viungo sita au zaidi, na jicho litaviona vyote. Kwa brashi utanenepa na kukonda kama nyoka aliyemeza panya. Kwa kalamu ya mataya, ghala la milimita tano hufika mwisho kwa pumzi moja, na upana ni uleule kutoka kileleni hadi sitahani. Kamba inayovutwa na uzito wa foromali ndivyo ilivyo: haina mahali panene wala pembamba. Hapo chombo na kitu kinachochorwa vimekubaliana. Ndivyo ilivyo pia kwa nyaya za umeme, kwa mabati ya paa yanayong'aa mstari baada ya mstari, kwa fito za dirisha. Zile seti za zamani mara nyingi zina kipande cha mataya kinachofungwa kwenye bikari, na kwa hicho gurudumu la baiskeli lililo dhidi ya ukuta mweusi hupatikana kwa mzunguko mmoja, jambo ambalo kwa mkono mtupu ni ndoto.

Sasa mchoraji huyo anataka nyasi za ufukweni na ndevu za paka aliyelala juu ya gunia. Hivi huanza vinene na kuishia kwenye ncha isiyoonekana. Kalamu ya mataya hutoa mwanzo na mwisho wenye upana mmoja, na nyasi zake zitafanana na waya. Mzoefu anaweza kuinua kalamu upesi ili mkia wa mstari uchongoke kidogo, au kuilaza ubavu na kutupa mchirizi mpana wenye kingo za ovyo, kama wafanyavyo waandishi wa hati za mapambo. Hizo ni mbinu za kupambana na tabia ya chombo. Kwa nyasi, nibu butu au kijiti kilichochongwa vinashinda.

Karatasi nayo ina kauli. Kwenye karatasi laini iliyopigwa pasi kiwandani mstari hutoka safi. Kwenye yenye chunuchunu za wastani hutoka vizuri ukienda polepole. Kwenye ile yenye vilima na mabonde, mataya huruka kutoka kilele hadi kilele na mstari hukatikakatika. Kwa povu la mawimbi hilo laweza kuwa zuri, kwa henza ni janga. Na kwa kila karatasi mpya, jaribio dogo la kupaka na kubandua pembezoni ni la lazima, kwa sababu karatasi dhaifu, isiyo na jelatini ya kutosha, huchunika pamoja na utomvu hata kama kalamu ilikuwa bora namna gani.

Pwani ina adui mmoja zaidi. Chuma na unyevu wa bahari haviishi pamoja kwa amani. Kalamu ikishabanduliwa utomvu ipanguswe, ikaushwe, na ikiwekwa kwa muda mrefu ipakwe tone la mafuta ya cherehani. Mafuta hayo yafutwe kabisa siku ya kuitumia tena, la sivyo yatatia doa karatasini.

Wasioupenda utomvu

Wapo wachoraji wanaosema suala lote hili la kalamu ni la kupoteza muda, kwa kuwa utomvu wenyewe haufai. Hoja zao ni mbili, na moja ina nguvu kuliko nyingine.

Ya kwanza ni kwamba kuziba ni udanganyifu: mchoraji hodari huzunguka weupe wake kwa brashi. Hoja hii ni ya fahari tu. Waliotajwa juu, Nicholson aliyepaka nta na Homer aliyeshika kisu, hawakuona aibu kusaidiwa na chombo, na weupe wa picha haumuulizi mtazamaji ulipatikanaje.

Hoja ya pili ni nzito. Utomvu ukikauka huwa tuta dogo juu ya karatasi. Rangi inayopita hujikusanya kwenye ukingo wa tuta, hukauka hapo ikiwa nyeusi zaidi, na utando ukibanduliwa huacha weupe uliokatwa kama kwa wembe. Ulimwengu hauna kingo nyingi za namna hiyo. Kamba ya mbele ya jahazi inaweza kuwa kali. Ya nyuma, iliyo kwenye ukungu, haiwezi. Zikiwa zote sawa, picha hufanana na stika zilizobandikwa. Na hapa kalamu ya mataya inaongeza tatizo: kwa kuwa inapiga mstari safi kwa urahisi, inamshawishi mwenye nayo kupiga mingi. Mkono uliogundua kwamba unaweza kuweka kamba 30 bila kosa utaziweka 30, ingawa jicho lililokaa bandarini liliona sita tu, na nyingine zilikuwa dhana.

Tiba ya ukali wa kingo ipo. Baada ya kubandua, brashi ngumu yenye unyevu hupitishwa upande mmoja wa mstari ili rangi iingie kidogo ndani ya weupe. Kamba za mbali hupewa mpako hafifu wa kijivu ili zirudi nyuma. Weupe uliobanduliwa ni mwanzo wa kazi, na wengi huishia pale kwa sababu ya furaha ya kubandua. Mwingine huziba kwa awamu: hupaka mpako wa kwanza hafifu, ukikauka kabisa ndipo anapiga mstari wa utomvu juu yake, kisha mpako mzito. Mstari unaotokea hapo una rangi ya mpako wa kwanza badala ya weupe mtupu, nao hukaa ndani ya hewa ya picha.

Kuilaza sandukuni

Turudi kwenye kipimo tulichoanza nacho. Kikipimwa kwa kuandika, chombo hiki ni cha kazi moja: mstari mrefu wa upana mmoja. Nyasi, povu, mawingu, nukta, vyote vina vyombo vyake vilivyo bora na rahisi zaidi. Kikipimwa kwa kusafishika, ndicho pekee kati ya vyombo vyenye ghala kinachofungua ghala lake lote na kuonyesha kilichomo. Mchoraji anayehitaji mistari ya aina hiyo mara mbili kwa mwaka atosheke na kijiti na subira. Anayechora bandari, mitaa yenye nyaya, au baiskeli, aitafute seti ya zamani, asugue ncha, ajifunze kujaza kwa tone.

Kisha ajifunze kuhesabu. Kabla ya kufungua kichupa, mchoraji wa Malindi alitazame jahazi lake kwa muda mrefu na kuamua ni kamba zipi kweli zinawaka. Zikiwa sita, azipige sita, alegeze skrubu, avute utando kutoka kwenye mataya, apanguse chuma na kuilaza kalamu sandukuni kabla hajagusa rangi. Mla fenesi hufanya hivyohivyo: kisu kinafutwa kwanza, utamu unafuata. Ikiwa ndani ya sanduku, kalamu haimshawishi kuongeza kamba ya saba.